Kupanda milima kwa baiskeli: Panga mwaka mzima, usingoje Idi



Wapo vijana wanaoegesha baiskeli Ramadhani nzima, kisha Idi Pili wanataka kupanda mlima mrefu. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ina takriban kilomita 33, na inapanda karibu mita 1,000. Moyo na miguu iliyopumzika mwezi mzima haiwezi kubebeshwa mzigo huo kwa siku moja. Rai yangu ni kuwa anayependa safari za milimani apange mazoezi ya mwaka mzima, tena kwa kalenda mbili: ya mvua na ya Hijria.

Mkoani Tanga, masika huwa Machi hadi Mei, na vuli Oktoba hadi Desemba. Mvua ikinyesha barabara huteleza, na breki zilizolowa hazishiki upesi. Miezi hiyo zitoshe safari fupi za tambarare, pamoja na kuchuchumaa na kusimama nyumbani ili kuimarisha mapaja. Juni hadi Septemba ndio wakati wa kuongeza masafa na milima.

Lakini Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2024 ilianza Machi. Mwaka 2030 inatarajiwa kuingia mara mbili, Januari na mwishoni mwa Desemba. Kwa hiyo usinakili ratiba ya mwaka jana. Ipange upya kila mwaka.

Ndani ya Ramadhani usiache kabisa, wala usishindane. Dakika 30 za mwendo mwepesi, mara tatu kwa wiki, zinatosha. Endesha jioni, ukirudi iwe karibu na Magharibi upate maji mapema. Kisha kunywa maji kidogo kidogo hadi daku. Ukisikia kizunguzungu, shuka na upumzike; hali ikizidi, fungua, kwani sheria imempa mgonjwa ruhusa.

Shawwal anza tena kwa tambarare, wiki mbili au tatu. Baadaye weka mlima mmoja na safari ndefu moja kila wiki, na baina yake siku za kupumzika. Ongeza kidogo kidogo kwa wiki tatu, ya nne punguza. Katika safari ndefu ya kawaida uweze kusema sentensi nzima bila kuhema; ukishindwa, punguza mwendo. Wakati wa kuteremka tumia breki zote mbili, ukibana na kuachia, zisichemke.

Mwenye kisukari, presha au pumu apimwe kwanza. Maumivu ya kifua si uchovu: simama, uwahishwe kituo cha afya.

Wazazi, msimkataze kijana baiskeli. Muulizeni ratiba yake. Mwili ni amana, na sisi Waislamu tunaijua fadhila ya jambo dogo linalodumu.

Wabillahi tawfiq.