Risala ya Abiria wa Tanga Kuhusu Kupanga Safari ya Treni Kwenda Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa Wabunge na Madiwani wa Mkoa wa Tanga,
Viongozi wa Serikali na wasimamizi wa usafiri mliopo hapa,
Wazee wetu, mabibi na mabwana,

 

 Sisi ni abiria tu. Kati yetu wamo wachuuzi wa machungwa ya Muheza, wanafunzi, wazee waliostaafu kazi ya reli, na kina mama wenye mabinti walioolewa Upareni na Uchagani. Hatukuja kudai tujengewe reli, kwani reli tunayo. Ombi letu ni kwamba mtu wa Ngamiani hapa Tanga akitaka kwenda Moshi kwa treni aweze kuipanga safari yake akiwa nyumbani, ajue anaondoka lini na anafika lini, bila kubahatisha.

Mheshimiwa, reli ya kwanza ya Tanzania Bara ilianzia hapa hapa Tanga, mwaka 1893, enzi za Wajerumani. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, na Moshi mwaka 1911, kilomita 352 kutoka bandarini kwetu. Waingereza wakaifikisha Arusha mwaka 1929. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, njia hiyo iliunganishwa na Reli ya Kati kwa kipande kinachotoka Mnyusi hadi Ruvu. Tuliishangilia njia ile mpya, na hatukujua kwamba siku moja treni ingepinda Mnyusi ikatuacha nyuma. Mji wetu watu huuita Waja Leo Waondoka Leo. Kwa treni, Mheshimiwa, hatuji wala hatuondoki.

Tuna malalamiko yafuatayo, na kila moja tumeliwekea ombi lake.

1. Treni ya abiria haiingii Tanga. Huduma ya reli ya kaskazini ilifufuliwa mwaka 2019 baada ya kimya cha miaka mingi, nasi tulikuwa miongoni mwa waliopiga vigelegele. Mwezi Julai mwaka huo mabehewa ya saruji yalitoka Tanga yakafika Moshi salama. Desemba ikaja treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Treni hiyo ikitoka Dar hupita Ruvu, hufika Mnyusi, kisha hushika njia ya Korogwe. Kwa hiyo mfuko wa saruji wa Tanga umefanya safari ambayo mwenye Tanga yake hawezi kuifanya. Wazee wetu wa reli wametuambia tusitie chumvi: kipande cha Tanga hadi Mnyusi kina reli, na treni za mizigo hukitumia. Kinachokosekana ni behewa la abiria. Tunaomba siku za treni ya Arusha pawepo behewa moja au mawili yatakayotoka Tanga, yapite Pongwe, Ngomeni na Muheza, yakaungane na treni kubwa. Hata yakiwa ya daraja la tatu peke yake tutayapokea kwa mikono miwili.

2. Kuunganisha safari Korogwe ni mtihani, na hili ndilo linalotuumiza kuliko yote. Kwa kuwa treni haiingii Tanga, inatubidi tuifuate huko kwa gari, nayo hupita pale usiku, inayopanda na inayoshuka. Naomba nieleze mfano mmoja, kwa ruhusa ya mwenyewe aliyekaa mstari wa pili. Bibi yetu huyu wa Makorora alitaka kuwahi arobaini ya mjukuu wake Moshi. Miguu yake huvimba akikaa kwenye kiti cha basi tangu asubuhi hadi alasiri, hivyo aliitaka treni, ambamo mtu huinuka akajinyoosha. Akachana karatasi ya daftari, akaandika mpango wake. Mstari wa kwanza: kumpigia mpwa wa Korogwe aende stesheni kuulizia siku ya treni. Wa pili: kumtumia mpwa nauli akate tiketi. Wa tatu: kuwa stendi ya Kange saa nane mchana, kwa kuogopa kukosa gari jioni. Wa nne: magharibi kufikia kwa mpwa, kula, kupumzika. Wa tano: saa nne usiku bodaboda hadi stesheni, yeye, kapu la maembe na kanga za mzazi. Mstari wa sita aliandika saa, akaikata. Akaandika saa nyingine, akaikata nayo. Mwisho akaandika neno moja: kungoja. Wa saba ulikuwa wa mkwe wa kumpokea Moshi, nao una alama ya kuuliza, kwani asiyejua anapanda saa ngapi atamwambiaje mtu aje kumpokea saa ngapi?

Mheshimiwa, bibi alipanda basi. Alifika na miguu kama mihogo.

Kwingineko kuunganisha safari si mtihani: tunaye kijana wetu anayesoma Uingereza katika mji wa Norwich. Akitaka kwenda Plymouth, mji wa pwani upande wa pili wa nchi ile, inambidi ashuke London, auvuke mji hadi stesheni nyingine, ndipo apande treni ya pili. Anasema hukata tiketi moja tu. Kwenye tiketi hiyo, pale palipoandikwa njia, kuna alama ndogo mfano wa msalaba, na alama hiyo humruhusu kupanda treni ya chini ya ardhi avuke London bila kulipa tena. Treni ya kwanza ikichelewa akaikosa ya pili, hupanda inayofuata kwa tiketi ileile. Hatusemi Korogwe iwe London. Lakini alama ile haihitaji chuma wala saruji, inahitaji watu wawili wa usafiri kukaa wakapatana. Tunaomba, wakati behewa letu linasubiriwa, iwepo koasta moja ya kutoka Tanga siku za treni. Nauli yake iwe ndani ya tiketi, na dereva awe na amri ya kutoondoka Korogwe kabla abiria wa kurudi Tanga hawajashuka, hata treni ikichelewa.

3. Hatuna ratiba ya kuaminika. Habari za treni tunazipata kwa kuulizana: huyu kasikia kwa shemeji yake wa Mombo, yule kaona picha kwenye simu, na picha yenyewe haina tarehe, hujui ni ya mwaka huu au wa juzi. Tunaelewa kwamba masika yakikaza, maji hushuka kutoka milima ya Usambara na Upare yakala tuta, na treni husimama. Mvua hatuilaumu. Tunachosikitikia ni kufika Korogwe na mizigo ndipo tuambiwe. Tunaomba ubao mmoja katika stesheni ya Tanga, uandikwe ratiba na tarehe ilipoandikwa, na kila aliyekata tiketi atumiwe ujumbe wa simu safari inapoahirishwa. Namba zetu mnazo, maana ujumbe wa matangazo hatukosi hata siku moja.

4. Kukata tiketi kumekuwa kwa kujuana. Wenzetu wa Mombasa, tangu mwaka 2017, hukata tiketi ya Nairobi kwa simu. Tangu mwaka 2024 abiria wa Dar es Salaam hupanda treni ya umeme hadi Dodoma, naye tiketi hukata akiwa sebuleni. Sisi, vijana wetu hujaribu mitandaoni, lakini wazee na kina mama humtegemea mtu aliyeko Korogwe. Mwaka mmoja, mwezi wa Desemba, wakati Wachaga wanapokwenda kwao kwa sikukuu, au kama tunavyowatania, kuhesabiwa, mtu mmoja aliyejiita wakala alitutoza juu ya nauli, akasema hiyo ni ya soda. Soda gani ya kila abiria? Tukalipa, kwa sababu siku zimekwisha. Tunaomba dirisha la tiketi Tanga, hata likifunguliwa siku mbili tu kwa wiki, na nauli ya kila daraja ibandikwe palipo wazi, kwa maandishi yanayosomeka na mtu mwenye miwani ya zamani.

5. Mizigo ya wachuuzi haina kauli moja. Tenga la machungwa leo linapita bure, kesho linalipiwa, na mchuuzi hawezi kupiga hesabu ya faida kabla ya kuondoka. Tunaomba uzito unaoruhusiwa na bei ya ziada viandikwe kwenye ubao uleule tulioutaja.

6. La mwisho ni la mbele. Tumesikia kwa muda mrefu kuhusu mpango wa reli ya kisasa kutoka Tanga kwenda Arusha hadi Musoma. Tunaiombea dua. Ila mara zote mpango huo unapotajwa, bandari na shehena hutajwa kwanza. Tunaomba ramani itakapochorwa, stesheni ya abiria ya Tanga iwekwe mahali ambapo mtu wa Chumbageni au Duga anaweza kufika bila kukodi gari.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, haya tumeyavumilia bila kelele, na hatukuyaleta kwa hasira. Tunajua uwezo wa kuyatengeneza upo mikononi mwenu, na mengine hayahitaji hata bajeti ya mwaka mpya wa fedha.

Karatasi ya bibi yetu wa Makorora tumeiambatisha nyuma ya risala hii. Ameomba ikishasomwa arudishiwe, maana upande wa pili kuna hesabu za kikoba chao, na zamu yake ya kupokea ni mwezi ujao.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Abiria wa Tanga