Acheni Kuabudu 303 ya Zamani

Wacha niseme hii kitu halafu mnitukane baadaye. Msee anayekuambia huwezi kupiga muziki wa asidi bila Roland TB-303 asili, ile ya miaka ya themanini, hakutakii mema. Na historia ya huo muziki pia haijui. Anakuuzia woga.

Kwa wale hawaijui: 303 ni sinthesaiza ndogo ya besi, kasanduku ka plastiki ka rangi ya fedha, kanaingia kwa begi ya shule. Kampuni ya Roland, Japani, ilianza kukauza 1981. Injinia wake, Tadao Kikumoto, alitaka mpiga gitaa anayefanya mazoezi pekee yake apate wa kumpigia besi. Sasa shida ni kwamba haikutoa sauti ya gitaa la besi hata kidogo. Kuiandikia wimbo nako kulikuwa mateso: unaweka noti zote kwanza, halafu unarudi mwanzo kuweka mwendo wao. Haikubamba. Kufikia 1984 Roland walikuwa wameacha kuitengeneza, wakiwa wametoa kama 10,000 tu, na nyingi zikaishia kuuzwa mitumba kwa bei ya kutupa. Ingekuwa hapa Nairobi ungeipata Gikomba, chini ya rundo la chaja zilizokufa.

Shikeni hilo neno mitumba, kwa sababu hoja yangu yote iko hapo.

Vijana watatu wa Chicago, DJ Pierre, Spanky na Herb J, waliojiita Phuture, waliipata hii mashine ikiwa mitumba. Hawakuinunua ati kwa sababu ni ya kifahari. Waliinunua kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeitaka. Wakaanza kuzungusha nobu ikiwa inacheza, kitu ambacho Roland hawakuwa wamekifikiria, na besi ikaanza kulia, kukoroma, kupiga mluzi. DJ Ron Hardy akacheza hiyo rekodi kwa klabu ya Music Box. Inasimuliwa kuwa mara ya kwanza watu walitoka kwa floo. Akairudia usiku uleule, tena na tena, hadi wakapagawa. "Acid Tracks" ikatolewa na Trax Records 1987, zaidi ya dakika kumi za besi moja inayojipinda, na muziki wa asidi ukapata jina.

Kwa hivyo mnaponiambia "mashine ya kweli", mnamaanisha nini? Ya kweli ilikuwa takataka. Wasee wasio na doo waliokota kitu kilichotupwa na matajiri wa studio. Leo hicho kitu kinauzwa maelfu ya dola, yaani laki kadhaa za shilingi zetu, na mnakiweka kwa rafu kama kikombe cha ubingwa. Halafu mnamcheka kijana wa Kayole na laptopu yake. Kati yenu na yeye, ni nani anafanana na Phuture?

Na si kwamba siielewi raha yake. Naielewa sana. Ndani ya 303 kuna oskileta moja tu, unachagua wimbi la meno ya msumeno au la mraba. Inapitia kwa filta. Ukiifunga filta, sauti inakuwa kama mtu anayeimba akiwa amefumba mdomo; ukiifungua, mdomo unafunguka. Pandisha resonansi, anaanza kupiga kelele. Halafu kuna noti unazozipa mkazo, na noti unazoziacha ziteleze kuingia kwa inayofuata. Mpangilio mmoja wa hatua 16 unajirudia hadi unakaribia kukuudhi, mkono unageuza nobu moja polepole, na noti zilezile zinageuka kitu kingine kabisa. Utamu uko kwa mkono na sikio. Plastiki haina uchawi.

Ndio maana hata Phuture hawana hakimiliki ya hiyo raha. 1982, Mumbai, mwanamuziki anayeitwa Charanjit Singh alichukua 303, akaiunga na TR-808 na Jupiter-8, akapiga raga kumi za Kihindi juu ya mdundo wa disko. Hiyo ni miaka mitano kabla ya "Acid Tracks". Alikuwa anatafuta njia ya kupiga muziki wa kwao, basi.

Sasa tuje kwa nakala. 1997 kampuni ya Uswidi, Propellerhead, ilitoa ReBirth, programu iliyoweka 303 ndani ya kompyuta. 2005 injinia Mmarekani, Limor Fried, alitoa x0xb0x na kuachilia michoro yake yote wazi, ujijengee mwenyewe. Roland wenyewe walitoa TB-03 mnamo 2016. Behringer wakaleta TD-3 mnamo 2019, chini ya dola 200. Nikisikia mtu analia kwamba sasa kila mtu anaweza kupiga asidi, nauliza: si hiyo ndiyo ilikuwa habari njema?

Najua mtasema nini. Ati sauti si ileile. Sawa, tofauti ipo. Sakiti ni za zamani, na hata 303 asili mbili hazilii sawa kabisa. Lakini weka distosheni, weka kiki, ipige kwa spika za matatu, halafu niambie ipi ni ipi.

Ati nakala ni wizi. Hii nitaijibu kwa heshima, kwa sababu kuna kampuni zinazonakili kazi za wengine bila aibu, na hilo linafaa kusemwa. Lakini ukinunua 303 ya zamani leo, Kikumoto hapati hata shilingi. Anayepata ni dalali. Ukitaka kulilia haki, lilia wanamuziki: 2020 Larry Heard na Robert Owens, waanzilishi wa hausi ya Chicago, waliishtaki Trax kuhusu haki na pesa za nyimbo zao. Hiyo haikuwaliza sana nyinyi wa rafu.

Mimi niliacha chuo, sina cheti cha kitu chochote, na nimeshaambiwa na prodyusa mmoja kwamba nilichopiga si asidi kwa sababu kimetoka kwa laptopu. Mimi nilicheka. Kinachoniuma ni yule wa miaka kumi na saba anayeambiwa hivyo na anaamini. Anaanza kuweka akiba ya mashine ambayo hatawahi kuifikia, na nyimbo zinamfia kichwani akingoja.

Usingoje, buda. Kuna programu za bure zinazopiga hiyo sauti. Chukua moja usiku wa leo. Weka noti nane, telezesha mbili, kaza moja, kisha zungusha filta hadi jirani agonge ukuta.