Herufi mbili zilizomkwamisha mgeni wa chuo

 

Leo nataka tuingie katika ofisi ambayo wengi wenu mlio vyuoni huipita mkikimbilia darasani. Ni ile yenye kabati la faili lisilofunga vizuri na mama mmoja ambaye miwani yake huning'inia shingoni kwa uzi. Mwanafunzi huingia hapo kuulizia matokeo yake na kutoka akinung'unika. Asilolijua ni kwamba siku hiyo hiyo mama yule ana mgeni wa kutoka Ujerumani anayetua saa nane usiku, mwingine wa kutoka Dar es Salaam anayetaka kuonana na mkuu wa kitivo, na mtahini wa nje ambaye asipofika tasnifu za watu zitalala kabatini hadi muhula ujao.

Naijua ofisi hiyo kwa kuwa nimeitumikia. Mnamo 2014, nikiwa na stashahada yangu ya uandishi wa habari mkononi na hakuna gazeti lililonitaka, nilipata kibarua cha miezi minane katika idara moja ya chuo kikuu hapa Nairobi. Kazi yangu ilikuwa kuwashughulikia wasomi wanaozuru idara. Nilidhani ni kazi ya kusimama uwanja wa ndege na karatasi yenye jina la mgeni, kisha kutabasamu. Masikini mimi!

Kumbe kila kitu huanzia kwa barua ya mwaliko. Bila barua hiyo, yenye nembo ya chuo, sahihi ya mwenyekiti wa idara na muhuri, mgeni hana mwenyeji. Asiye na mwenyeji naye hapati leseni ya utafiti, kwa sababu mtafiti wa kutoka nje hutakiwa kushikamana na taasisi ya humu nchini. Leseni yenyewe hutolewa na Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Utafiti ukiwahusu watu, kuna kamati ya maadili inayotaka kuona maswali yatakayoulizwa. Na mgeni anayeelekea Lamu au Turkana hawezi kushuka tu garini akaanza kuwahoji wazee. Masharti ya leseni humtaka apitie kwanza kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti.

Waona basi, msomaji, karatasi moja huizaa nyingine. Ukiharibu ya kwanza, watoto na wajukuu wote huzaliwa na ila ile ile.

Miadi nayo ina vituko vyake. Kuna profesa mmoja wa Marekani aliyejifunza Kiswahili huko huko kwao. Mkutubi alimwambia aje saa tatu. Aliwasili saa tisa alasiri, jasho likimtiririka, akiapa kwamba amefika kwa wakati! Saa yake ilisema tatu, naye mkutubi alikuwa keshakwenda zake. Tangu siku hiyo yule mama wa ofisi aliagiza kila miadi iandikwe kwa saa za Kiswahili na za Kizungu pia, na mwezi uandikwe kwa jina lake, usiandikwe kwa tarakimu. Mmarekani akiandika 4/7 ana maana ya tarehe saba Aprili, nasi tukaenda kumngoja tarehe nne Julai.

Hayo yalikuwa ya kuchekesha. Lililonipata mimi halikuchekesha hata kidogo.

Mwezi wangu wa tatu kazini alikuja mtafiti mmoja Mjerumani, mwanamke wa makamo, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha Pwani hasa, chenye 'shikamoo' na 'alhamdulillahi' mahali pake. Alitaka kusoma barua za maliwali wa Pwani wa enzi ya Mwingereza, zilizoko katika Jumba la Kumbukumbu za Kitaifa. Ni lile jengo la Moi Avenue lililokuwa benki zamani, ambalo hadi leo watu wa jiji hupeana miadi ya kukutana mbele yake na wengi wao hawajawahi kukanyaga ndani. Alikuwa na wiki sita. Likizo yake kazini ilikuwa ya wiki sita, na tikiti yake ya ndege haikuweza kubadilishwa.

Barua yake ya mwaliko niliiandika mimi. Fomu za kibali nilizijaza mimi. Na jina lake la ukoo, ambalo lilikuwa na 'ei' katikati, mimi niliandika 'ie'. Mwenyekiti akatia sahihi, mama akagonga muhuri, na kibali kikatoka kikiwa safi kabisa, chenye jina la mtu asiyekuwapo duniani.

Karani wa pale mapokezi aliweka pasipoti upande huu na kibali upande huu. Akatazama. Akatazama tena. Akamrudishia vyote kwa upole. Siwezi kumlaumu. Majina yalikuwa mawili, na yeye hulinda nyaraka za taifa.

Habari iliponifikia ofisini nilitamani kujificha chini ya meza. Nikamwambia mama tutafute namna ya kumweleza mgeni kwamba mitambo ilikuwa na hitilafu. Alivua miwani akanitazama.

"Mitambo gani, mwanangu? Nenda ukamwambie wewe mwenyewe, kwa kinywa chako."

Nilimkuta chini ya mti nje ya idara, amefungua daftari jipya ambalo hakuwa ameandika hata mstari. Nilimweleza. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza marekebisho yatachukua muda gani. Sikujua. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba amemwacha mama yake mgonjwa kwao, dada yake ndiye anayemwangalia, na amemwahidi wiki sita, si zaidi. Afadhali angenigombeza.

Kuandika barua upya, kutafuta sahihi upya na kupata kibali kipya kulikula wiki mbili na siku tatu. Alizitumia kuwafundisha wanafunzi wetu wa shahada ya pili kusoma hati za kale za Kiarabu zilizoandikia Kiswahili, bure, bila yeyote kumwomba. Nilipopita dirishani nikaona darasa limejaa, nilipita haraka.

Tangu wakati huo mengi yamebadilika. Tangu Januari 2024 viza iliondolewa, na wageni wengi sasa huomba kwa mtandao idhini ya kusafiri iitwayo eTA kabla ya kupanda ndege, ingawa Mganda na Mtanzania hawaihitaji. Leseni ya utafiti pia huombwa mtandaoni. Lakini kompyuta huandika kile ulichoiandikia. Na bado wapo wageni wanaodhani kwamba ruhusa ya kuingia nchini ndiyo ruhusa ya kufanya utafiti. Hivyo ni vitu viwili, na atakayekaa zaidi ya siku 90 ana la tatu la kushughulikia, yaani kujiandikisha kwa idara ya uhamiaji.

Na tusidhani karatasi ni maradhi ya Afrika peke yake. Muulize mhadhiri wako aliyealikwa kongamanoni Ulaya alivyoipata viza ya Schengen: mwaliko, taarifa za benki, na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Huko nako kuna karani wa idara fulani anayeandika jina la Mkenya herufi kwa herufi, akiomba Mungu asikosee.

Kwa hivyo, wewe mwanafunzi uliyetwikwa kazi hii na idara yako, dai kopi ya ukurasa wa pasipoti kabla hujaandika neno. Nakili jina kama lilivyo, bila 'Profesa' wala 'Daktari' mbele yake. Mpe mtu mwingine akusomee kwa sauti. Anza miezi mitatu kabla. Mtahini wa nje mtafutie dereva unayemjua.

Yule mgeni aliondoka tarehe yake ilipotimia, mafaili tisa yakiwa hayajaguswa. Asubuhi ya safari alinipa karatasi yenye nambari zake. Hakuomba kitu. Alisema tu, "Ukipata nafasi, mwanangu."

Nilijisajili kama msomaji pale Moi Avenue, nikawa naiacha saa yangu ya chakula cha mchana humo, nikinakili kwa kalamu ya risasi na kumtumia kwa barua pepe usiku. Kibarua changu kilipokwisha nilikuwa nimemaliza manne. Kwa lile la nne alinijibu kwa shukrani nyingi, na mwishoni akauliza: una hakika jina la huyu liwali limeandikwa hivyo?

Kesho yake nilirudi kutazama.