MKAA USIINGIE KITALUNI



Tangu Juni imeanza, ubishi umekuwa mmoja tu hapo ghalani: banda letu la nailoni lipashwe moto kwa nini, ili miche isife kwa baridi. Wengine wamekwisha pendekeza fedha ya hisa inunue mkaa, jiko liwashwe ndani kila usiku mpaka Agosti. Mimi nasema hapana, na sababu zangu naziandika hapa ili kila mtu azisome mwenyewe, asiambiwe na jirani.

Kwanza ni roho ya mtu. Juma lililopita kijana wa zamu alilala humo na jiko, nailoni imefungwa kote. Asubuhi katoka anatapika, kichwa kinamgonga. Watu wakasema malaria. Malaria gani ya baridi hii? Ule ni mkaa. Mkaa ukiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hushika nafasi ya hewa safi, na aliyelala haamki. Hapo hakuna dalili ya kungojea, maana usingizi wenyewe ndiyo dalili. Yule kijana aliponea chupuchupu kwa sababu nailoni ya mlangoni ilikuwa imechanika. Leo kuna mtu ameishona!

Pili, moshi wenyewe ni adui wa nyanya. Ndizi tunazivundika kwa moshi zikaiva, si ndiyo? Kinachoziivisha ni hewa iitwayo ethilini, nayo imo katika moshi wa moto usioungua vizuri. Hewa hiyo hiyo ikiipata nyanya, majani hujikunja kwenda chini na maua hupukutika. Kwa hiyo tutatoa fedha kununua mkaa ili tupukutishe maua.

Tatu ni hesabu, na hii tuliipiga ubaoni darasani kwetu, sisi tunaosomea ukubwani. Debe moja kila usiku, Juni na Julai peke yake ni madebe 61. Agosti bado. Mkaa huo utatoka miti gani, na mlima ule juu ya chemchemi tumeuona ulivyo?

Sasa mtauliza, Katibu, wewe unaleta nini. Naleta maji.

Jueni kwanza nailoni inafanya kazi gani. Mchana inakamata joto la jua, hata mtu akiingia anavua koti. Lakini usiku joto la udongo linapita kwenye nailoni na kwenda zake juu, hasa anga likiwa jeupe halina wingu wala upepo. Usiku wa namna hiyo ndio unaoleta sakitu, ile barafu nyeupe tunayoikuta alfajiri juu ya majani ya viazi. Kumbe basi kazi yetu ni kuweka akiba ya joto la mchana. Na katika vitu vyote vya bei ndogo, hakuna kinachoweka joto kama maji. Kilo ya maji hushika joto kama mara tano ya kilo ya mawe.

Pipa la lita 200 lililojaa, likipoa kwa digrii 10 usiku kucha, linatoa joto kama la nusu kilo ya kuni kavu. Najua kuna atakayecheka, nusu kilo tu! Acheke. Joto la jiko linapanda juu, saa moja limekwisha kutoka. Pipa linatoa kidogo kidogo mpaka kunakucha, bila zamu na bila moshi. Kwa banda dogo kama letu, la hatua 4 kwa 5, mapipa matatu yanaweza kuongeza digrii mbili hivi, labda tatu. Mche unaokufa kwenye sifuri unapona kwenye mbili.

Mapipa yapakwe rangi nyeusi, au masizi. Yapangwe upande wa kusini ndani ya banda, maana jua la Juni huku kwetu Njombe linapita kaskazini; hapo litayapiga vizuri, na yenyewe hayataitia miche kivuli. Juu ya miche tupinde fito za mianzi, jioni tutandike nailoni kuukuu na magunia, asubuhi tutoe. Matundu ya hewa yafungwe saa 10 alasiri, jua lingalipo, si saa 1 usiku joto limeshakimbia. Yafunguliwe saa 3 asubuhi, unyevu utoke, la sivyo tutaokoa miche na baridi tuipoteze kwa ukungu. Umwagiliaji uwe asubuhi.

Liko jambo la mahali pia. Hewa baridi ni nzito, inateremka kama maji na kutuama bondeni. Wazee wanajua viazi vya bondeni ndivyo vinavyoungua kwanza. Banda tuliliweka chini kwa ajili ya ukaribu wa mto. Mwakani lipande kwenye mteremko, na maji tuyabebe. Najua akina mama ndio watakaobeba, kwa hiyo hilo wanaume tulizungumze vizuri kabla ya kupiga kura.

Halafu tuelewane tunachotafuta. Nyanya ikilala kwenye baridi ya chini ya digrii 10 usiku baada ya usiku inadumaa, na maua hayashiki. Mapipa hayataleta nyanya za kuuza Julai, wala asitudanganye mtu. Nyanya za Julai tununue za Ilula. Banda letu lilinde miche tu, ili Agosti ikiisha kila kaya iwe na cha kupanda. Atakayetaka mboga ya baridi apande kabichi na njegere huko nje, hizo zinavumilia.

Hoja hii nitaileta mkutanoni Jumamosi. Mapipa mawili yapo nyuma ya ghala, moja linavuja kwenye mshono. Anayejua kuchomelea aje kuliona kabla ya siku hiyo. La tatu tunalitafuta. Na ile nailoni ya mlangoni, aliyeishona aifumue leo, maana jiko bado limo ndani.

Katibu wa Chama, Tawi