Kona ya Walimu: Unasikia Nini?

Juzi helikopta ilipita juu ya darasa. Mtoto mmoja akamng'ata mwenzake mkono. Tulimfokea kwanza (tusamehewe), ndipo tukamwuliza, "Unasikia nini?" Akajibu, "Helikopta." Na ndani yako je? Kimya. Baadaye akasema tumbo lauma.

Tangu vita vilipoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na Palma iliposhambuliwa Machi 2021, wengi wetu tumekimbia zaidi ya mara moja. Mtu akikimbia hapati nafasi ya kujiuliza kama hii ni hofu au hasira. Anabeba mtoto, anakwenda. Akishafika, wengine maneno yenyewe hawayapati tena. Wataalamu huiita aleksithimia, jina alilolitoa daktari Peter Sifneos miaka ya 1970. Si utundu wala uongo, na si ya watoto peke yao. Yuko baba ambaye kila siku ni kichwa, kichwa. Apimwe malaria kwanza, jamani! Lakini akionekana hana, msimwambie anajifanya. Maumivu anayo kweli.

Nyumbani msiulize "kwa nini". Ulizeni wapi: moyo waenda mbio? Mikono ni ya baridi? Kisha mwazimeni neno: "Mimi ikipita ile, nasikia hofu."

Jana helikopta ilipita tena. Yule mtoto akaja akasimama karibu yetu. "Mwalimu, moyo unakimbia."

Na sisi tulikuwa tumeshikilia mlango.