Mwalimu katika Banda la Kuku

Mwalimu akiisha kurudisha ufunguo wa darasa, nani atamwuliza amekula nini? Huko California, katika Marekani, husimuliwa kwamba Bibi Ethel Percy Andrus, mkuu wa shule aliyestaafu mwaka 1944, alimkuta mwalimu mwenziwe mzee akikaa katika banda la kuku, kwa kuwa pansheni yake haikutosha nyumba. Mwaka 1947 akaanzisha chama cha walimu wastaafu wa nchi nzima. Makampuni mengi ya bima yaliwakataa wazee. Mama huyo hakuchoka kubisha hodi, hata mwaka 1956 moja likakubali.

Wala hakutaka wanachama wake watumikiwe tu, bali watumikie wengine. Hapo ndipo napenda tutazame kwetu Kongo. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali ni za bure, na madarasa yamefurika. Mzee aliyeshika chaki miaka thelathini aweza kuwakalisha watoto sita chini ya mwembe, jioni, akawazoeza kusoma. Wastaafu watano wa mtaa mmoja ni chama tayari, hata pasipo muhuri. Nanyi wazazi, mpeni kiti, na sebule siku za mvua, na unga kila mwisho wa juma.