Fundisho la nyumba: Gari safi kwa bidoni tatu



Juma hili tunaacha jiko, tunatoka mpaka kwenye kiwanja pale gari linapolala. Wengi kati yetu hatuna gari, tunajua. Lakini hapa Goma mara nyingi gari moja linalisha watu wengi: teksi ya baba, gari la kaka linalobeba mizigo ya soko, ao motokari ya zamani inayokodishwa siku za harusi. Rangi ya gari hilo ikichubuka, chuma kinaota kutu, bei yake inashuka, na minervale ya watoto wa sekondari inaanza kuyumba. Kwa hiyo kuosha gari si kazi ya kujionyesha kwa majirani. Ni kutunza mali ya nyumba.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo lililotusukuma kuandika. Maji yanayoosha gari yana mtu aliyeyabeba. Katika nyumba zetu, mara nyingi mtu huyo ni msichana.

Tufanye hesabu kidogo. Bidoni yetu ya manjano inachukua lita 20, ni kusema kilo 20 mgongoni. Mpira wa robine unaotoa lita 12 kwa dakika, ukiachwa wazi dakika 20, unamwaga lita 240. Hizo ni bidoni 12. Nyumba inayotumia bidoni tano kwa siku ingeishi siku mbili na zaidi kwa maji hayo. Na gari dogo linaweza kuoshwa vizuri kwa bidoni tatu tu: ya kwanza kwa vumbi, ya pili kwa sabuni, ya tatu kwa kusuuza. Ni kupanga kazi tu.

Tuanze na vumbi, kwani vumbi letu si kama la miji mingine. Mwezi wa kwanza 2002, na tena mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilitushushia moto, na mpaka leo tunatembea na kujenga juu ya mawe yale. Jiwe la volkano likisagwa na magurudumu linakuwa mchanga mweusi wenye ncha kali kama chupa iliyovunjika. Mtu anayepangusa gari kavu kwa kitambaa asubuhi, akifikiri analisafisha, anasugua rangi kwa mchanga huo. Angalieni gari kama hilo juani: mtaona mikwaruzo midogo inayozunguka kama utando wa buibui. Tena mvua inayopita katika moshi wa mlima inakuwa kali. Matone yake yakikauka juu ya rangi yanaacha alama. Kwa hiyo sheria ya kwanza ni hii: gari lenye vumbi lisiguswe na kitambaa mpaka lilowane.

Sasa kazi yenyewe. Chagueni asubuhi mapema ao jioni, na gari liwe kivulini, kapo ikiwa baridi. Juani sabuni inakauka kabla ya kusuuzwa, inaacha madoa.

Bidoni ya kwanza mwageni taratibu kwa kopo, kuanzia paa kushuka chini. Acheni maji yabebe mchanga yenyewe, bila kusugua. Palipo na matope magumu, mwageni kidogo, mngoje dakika chache, kisha mwageni tena.

Bidoni ya pili igawanyeni katika ndoo mbili. Moja ina sabuni, nyingine maji matupu. Chovyeni sifongo ao kitambaa laini katika sabuni, mwoshe sehemu moja, kisha msuuze kitambaa katika ndoo ya maji matupu kabla ya kurudi kwenye sabuni. Hivyo mchanga unabaki katika ndoo ya pili, haurudi juu ya gari. Osheni paa kwanza, kisha vioo, kapo, milango, na sehemu za chini mwishoni. Magurudumu yawe na kitambaa chake, kwani yamebeba vumbi la chuma kutoka kwenye breki. Kitambaa kikianguka chini, kisirudi kwenye gari kabla ya kusuuzwa vizuri.

Kuhusu sabuni: ile ya unga ya kufulia nguo ni kali mno, inafifisha rangi na kukausha mipira ya milango. Sabuni ya magari ndiyo bora. Isipopatikana, tone dogo la sabuni ya maji ya kuoshea sahani linatosha, lakini mjue inaondoa nta iliyokuwapo.

Bidoni ya tatu ni ya kusuuza, tena kwa kopo, kutoka juu kwenda chini. Halafu kausheni kwa kitambaa safi kinachonywa maji. Msiache gari likauke lenyewe.

Mashoferi wengine wanamalizia kwa kupaka mazutu ili gari ling'ae. Tunaomba desturi hiyo iachwe. Mazutu inang'aa saa chache, kisha inashika vumbi kuliko mwanzo, na inalegeza mipira. Kiwi ya viatu na nta ya mishumaa pia si dawa ya gari.

Kinachofaa ni nta ya gari yenyewe. Nyingi zinachanganywa na nta ya majani ya mtende mmoja wa Brazili, unaoitwa karnauba. Mti ule unajikinga kwa nta hiyo ili jua lisiukaushe, nasi tunaiazima kwa kazi ileile: kuzuia jua, mvua na vumbi visifike kwenye rangi. Gari liwe safi na kavu kabisa. Chukueni kidogo tu kwa sifongo kikavu, mpake nyembamba, sehemu moja moja: nusu ya kapo, kisha mlango. Ngojeni ipate ukungu mweupe. Pitisheni kidole: kikiacha njia safi, nta iko tayari, ipanguseni kwa kitambaa laini. Ikivutika bado, ngojeni. Msipake kwenye vioo wala plastiki nyeusi, itaacha weupe mgumu kutoka. Kopo moja dogo linatosha mara nyingi, kwani nta nene haikingi zaidi, inachosha mikono tu.

Mtajuaje kwamba inashika? Mwageni kikombe cha maji juu ya kapo. Maji yakikusanyika kama shanga na kuteremka, kinga ipo. Yakilala bapa, wakati wa kupaka tena umefika. Kwa gari linalolala nje, hesabuni miezi miwili hivi.

Sasa tuseme wazi juu ya ziwa. Tunaona magari na pikipiki yakiingizwa ukingoni mwa Kivu na kuoshwa palepale wengine wanapojaza bidoni za kunywa. Pale pembeni tunatia klori katika maji, ni vizuri, kwani klori inaua vijidudu vya kipindupindu. Lakini klori haiondoi mazutu wala mafuta ya injini. Mtoto anayanywa. Anayesema ziwa ni kubwa atazame ni nani anayechota hatua mbili kutoka kwenye gurudumu lake. Gari lioshwe nyumbani, mbali na tangi la mvua, na maji machafu yamwagwe mahali pasipolimwa mboga.

Na juu ya wasichana: siku ya posho asubuhi ni saa ambayo mtoto wa shule angesoma. Kama gari ni la baba ao la kaka, basi bidoni tatu za gari zichotwe na baba ao kaka, ao zilipiwe kijana wa chukudu kutoka katika mapato ya gari lenyewe. Hatusemi hivyo kwa ugomvi. Mtu anayebeba maji yake mwenyewe anajifunza upesi kwamba tatu zinatosha. Tumewasikia wamama wakisema kwamba neno hili ni gumu kulianzisha mezani. Lianzisheni kwa hesabu, bila lawama.

Kazi ya nyumbani ni moja. Siku ya posho hii, gari likioshwa kwenu, andikeni kwenye karatasi mambo mawili: bidoni ngapi, na nani aliyezibeba. Mje nayo kwenye mkutano, tuisome pamoja.

Tubaki na amani.